Boila Haizimi: Shajara ya Kazi, Malindi

Jumatatu

Nimepigiwa simu baada ya alasiri. Maneno machache: "Mwanangu fundi, boila haizimi. Njoo."

Bi mkubwa huyu ni mteja wangu wa siku nyingi, anakaa hapa Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu). Ana vyumba viwili vya kupangisha wageni. Kimoja sasa amelala binti yake aliyejifungua, leo siku ya kumi na mbili ya arobaini yake. Ndiyo maana simu ilikuwa na haraka.

Watu wa bara hucheka wakisikia mtu wa Malindi ana boila. Wakati wa kaskazi wana haki ya kucheka, maana tanki la juu ya paa hupikwa na jua na ukifungua mfereji saa nane mchana unaunguza kichwa. Lakini sasa ni mwezi wa saba, kusi inavuma, asubuhi maji yanatoka baridi kabisa kwa mtu mzima. Na mzazi hukandwa kwa maji moto kila siku. Mkandaji anafika saa moja asubuhi na hataki hadithi.

Malalamiko nimeyaandika kama alivyoyatoa. Maji yanatoka na mvuke hata usiku wa manane wakati hakuna aliyeyatumia. Boila inanguruma alfajiri kama chungu cha maharagwe. Tokeni za uniti 50 zilizokuwa zikimfikisha siku kumi, sasa siku ya nne mita inalia. "Na friji nayo inauma," akaongeza, kama mtu anayetaja jambo la jirani. Hilo la friji nililiandika pembeni na alama ya kuuliza, kisha nikalisahau kwa siku tatu. Naliandika hapa ili nisijifanye mjanja.

Boila yenyewe ni ya lita 80, koili (chuma cha ndani kinachopasha maji) ya wati 1500, imetundikwa bafuni. Hesabu yake nyepesi: kuyapandisha maji lita 80 kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunataka uniti tatu hivi, yaani saa mbili za kuwaka. Baada ya hapo inatakiwa kupumzika, iwake kidogo kidogo tu kufidia joto linalopotea.

Nimeizima kwenye swichi ya ukutani. Nimewaambia waiwashe saa mbili kabla ya mkandaji kufika, na mtu asiguse maji mpaka swichi izimwe. Kwa leo inatosha.

Jumanne

Nimebadilisha thamostati.

Nilifanya lile ambalo fundi yeyote angelifanya, na ndilo kosa langu la kwanza. Thamostati ya boila hii ni fimbo inayoingia kwenye kibomba ndani ya tanki. Fimbo ikipata joto inarefuka, inaisogeza swichi ndogo kichwani, stima inakatika. Swichi hiyo ikizeeka, vichwa vyake huungua na kushikana, basi fimbo inasogea bure na boila haizimi. Ni ugonjwa wa kawaida, nimeuona mara nyingi mno, kwa hiyo sikupima. Nilitoa ya zamani, nikatia mfukoni, nikaenda duka la hadiwea nikanunua mpya, nikaifunga.

Kuna na mshauri wa mbali. Mtoto wa kiume wa bi mkubwa anaishi Leicester, Uingereza, na mama yake alimpigia kwa video nikiwa juu ya ngazi. Kule boila ni kitu kingine kabisa: inapasha maji yanayozunguka kwenye redieta za nyumba nzima, bila hiyo watu wanaganda. Yao iliwahi kukataa kuzima, na shida ikawa valvu ya mota iliyokwama. Ndani ya valvu ile mna swichi ndogo, nayo ikaendelea kuiambia boila kwamba vyumba bado vinataka joto hata baada ya thamostati ya ukutani kusema basi. Akasema, "Fundi, tafuta kinachotoa amri." Kwa nyumba yao ushauri huo ni sahihi. Kwa hii ya kwetu ulinipoteza, maana niliendelea kutafuta kitu kinachoamrisha, na hapakuwa na kinachoamrisha.

Jumatano

Haizimi.

Jana jioni niliacha kazi maalumu kwa mjukuu wa bi mkubwa, msichana wa kidato cha pili. Nilimpa kipimajoto, thamostati nimeiweka kwenye 60, boila iachwe imewashwa usiku, asiyeruhusiwa asiingie bafuni. Amenipa karatasi iliyoandikwa vizuri kuliko daftari langu: saa tatu usiku nyuzi 61, saa sita 70, saa tisa "nililala samahani", saa kumi na moja alfajiri 84.

Nimekaa na karatasi hiyo kwenye baraza nikinywa kahawa chungu. Nyuzi tatu kwa saa. Kama koili ingekuwa inawaka kwa nguvu zake zote, maji yangepanda nyuzi 16 kwa saa na kabla ya saa sita yangekuwa yanachemka. Kwa hiyo boila haiwaki kama kawaida yake, na pia haijazima. Inawaka nusunusu, chini ya robo. Thamostati iliyoshikana haifanyi hivyo. Ikishika imeshika.

Nikaichukua ile ya zamani mfukoni, nikaomba sufuria, nikaitumbukiza fimbo kwenye maji jikoni huku mita yangu ya kupimia stima imeshikwa kwenye vichwa vyake. Kwenye nyuzi 60 ikasema ka! na mita ikaonyesha imekata. Maji yakapoa, ikarudi. Nzima kabisa. Nimenunua thamostati kwa pesa ya mtu kwa sababu ya uvivu wa kuchemsha sufuria moja.

Halafu taa. Kwenye tumbo la boila mna kitaa chekundu kinachowaka koili ikiwaka. Msichana anasema usiku kucha kilikuwa "kinawaka kama sigara inayokaribia kuzimika." Nilidhani kimezeeka.

Alhamisi

Leo nimekuja na mita ya kubana, ile yenye mdomo kama wa kaa unaoushika waya mmoja na kukuambia ampea zinazopita bila kukata kitu.

Kwanza nimezima, nimechomoa waya zote mbili za thamostati na kuzifunga tepu kila mmoja peke yake. Sasa hakuna thamostati kabisa, njia ya stima imekatwa kwa mkono. Nimewasha. Koili ilitakiwa iwe maiti.

Nimebana waya wa kwanza unaoingia kwenye boila: ampea 4.

Nimebana wa pili: sifuri.

Nilitoa mita nikaipiga kofi kidogo, kama redio. Nikarudia. Nne, sifuri. Stima inaingia na hairudi. Stima haina tabia hiyo. Ikiingia lazima itoke. Nikausogeza mdomo wa mita kwenye waya wa tatu, wa kijani na manjano, ule wa athi, unaoshuka ardhini, ambao siku zote hautakiwi kupita kitu.

Nne.

Nimeshuka ngazi nikazima swichi na kwenye sanduku la breka pia. Kijana wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia asiguse bomba, asiguse friji, asiguse chochote chenye chuma mpaka nimalize kufikiri. Hapo ndipo friji iliponirudia. Friji ya jikoni na boila ya bafuni zinakutana mahali pamoja tu katika nyumba hii: waya wa athi.

Hesabu nimeifanya nyuma ya risiti ya thamostati. Volti 240 kwa ampea 4 ni omu 60 (omu ni kipimo cha jinsi njia inavyoizuia stima). Koili nzima ya wati 1500 inatakiwa kuwa na omu 38 hivi. Kwa hiyo stima inapita kwenye sehemu ya koili, kisha mahali fulani inatoboa, inashika chuma, inashuka kwa athi mpaka ardhini, na ardhi ndiyo inayoongeza omu zilizobaki.

Breka ya kawaida haioni lolote hapo. Breka ya ampea 20 inauliza swali moja tu, ni stima ngapi inapita, nayo nne ni ndogo. Haiulizi inakwenda wapi.

Nimemwambia bi mkubwa boila haiwashwi tena, hata kwa saa hizo mbili. Maji ya mzazi yachemshwe kwa jiko la mkaa. Hakufurahi. Mkandaji, nasikia, alisema jiko ndilo la asili na boila ni tamaa.

Ijumaa

Baada ya sala ya Ijumaa tumetoa maji na kufungua.

Maji ya Malindi yana tabia mbili. Yakija ya kampuni, yanatoka Baricho kwenye Mto Sabaki, na si mabaya. Yakikatika, kila mwenye kisima anawasha pampu yake, na kisima cha hapa kimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake ni magumu na yana chumvichumvi. Ukiyachemsha, chokaa inajitenga na kushika penye moto zaidi. Penye moto zaidi ni koili.

Tulipoifungua ile sahani ya chini, kwanza zilimwagika ndoo mbili za kitu kama maganda ya mayai yaliyopondwa. Koili ikatoka imevaa ukoko mweupe mnene kama kidole gumba, umepasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kijiti cha magnesi, kinachowekwa humo ili kutu ikile chenyewe iliache tanki, kilikuwa kimebaki waya mtupu.

Nimeugonga ukoko kwa mpini wa bisibisi, taratibu. Kwenye kona ya pili ya koili ulitoka vipande vikubwa, na chini yake ganda la shaba lilikuwa limepasuka, ufa wa urefu wa punje ya mchele. Ndani ya ufa kuna unga mweupe uliolowa. Ule unga ndio unaoutenga waya wa moto na ganda lake. Ukiwa mkavu ni mlinzi, ukilowa maji ya chumvi ni njia. Ukoko ulizuia joto lisitoke, ganda likapata moto kupita kiasi mahali pamoja, likapasuka.

Mita sasa. Kichwa kwa kichwa: omu 39, kwa hiyo koili haijakatika na maji ingeendelea kuyapasha miaka. Kichwa cha kushoto kwa ganda: 22. Cha kulia kwa ganda: 18. Ukizijumlisha zinapita 39 kwa moja, ambayo ni ya pale waya unapogusana na ganda. Na ile 60 ya jana ukitoa 22, athi ya nyumba hii imebaki na omu 38. Athi gani hiyo! Ampea 4 kupita omu 38 maana yake chuma cha boila, mlango wa friji, na kila kitu kilichofungwa athi kilikuwa kimesimama kwenye volti 152. Mabomba ya nyumba hii ni ya plastiki na watu wanavaa ndara ndani. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Kitaa nacho kimeeleweka. Kwenye omu 22 na ampea 4 kinapata volti 88, nacho kinataka 240. Ndiyo sigara yake.

Valvu ya usalama nimeigusa mwisho. Imeandikwa bar 8, ikikusudiwa kufunguka tanki likizidiwa na presha. Nimevuta kimkono chake, hakikusogea. Nimekivuta kwa koleo, kimekatika. Ndani chokaa tupu. Ningeijua hali hii Jumanne nisingethubutu kumwachia msichana boila imewashwa usiku kucha, na nimemwambia hivyo.

Lakini bado kuna jambo halijakaa. Koili iliyopasuka inavujisha stima, sawa. Ila thamostati nilikuwa nimeichomoa kabisa. Stima iliifikiaje koili?

Jumamosi

Nimelijua jibu usiku, sikulipenda, nimekuja asubuhi kulithibitisha.

Thamostati hii hukata waya mmoja. Inatakiwa ikate ule wa moto, unaoleta stima, ili ikikata koili ibaki bila kitu. Ukiifunga kwenye nyutro, waya wa kurudisha stima, boila inafanya kazi vilevile, inapata moto vilevile, inakata vilevile, na hakuna atakayejua. Ila ikikata, inakuwa imekata njia ya kurudi tu. Koili imebaki imejaa stima, kama bomba ulilofunga koki ya mbele ukaacha ya nyuma wazi. Bomba likiwa zima, hakuna neno. Likipasuka, linamwaga hapo hapo lilipopasuka, ufunge koki ya mbele usifunge. Swichi ya ukutani ndiyo pekee iliyoizima kweli, maana ile hukata waya zote mbili.

Kwa hiyo mahali fulani waya zimepishana. Nimeanza kwenye sanduku la breka: sawa. Swichi ya ukutani, upande wa kuingia: zimepishana. Kati ya hapo na sanduku mna kiunganishi kimoja juu ya dari, pale paa la makuti lilipoondolewa miaka mitatu nyuma likawekwa mabati. Nimepanda na tochi.

Waya mpya kahawia (moto) na buluu (nyutro). Waya wa zamani nyekundu (moto) na nyeusi (nyutro), au ndivyo zilivyokuwa siku moja. Nyekundu imekula joto na chumvi mpaka imekuwa rangi ya tambuu, nyeusi imepauka kwa vumbi la chokaa. Kahawia imeungwa na nyeusi. Na kila ncha imekunjwa mara mbili kabla ya kubanwa skurubu.

Mimi ndiye ninayekunja mara mbili. Nilifundishwa hivyo Mombasa na sijamwona mwingine hapa mjini anayefanya hivyo. Siku ile naikumbuka vizuri: stima ilikuwa imepotea, nikaunga kwa taa ya simu iliyoshikwa na meno, nikasema zikirudi nitapima. Zilirudi karibu na magharibi. Maji yakapata moto. Nikakusanya vyombo nikaenda zangu.

Nimeshuka nikamweleza bi mkubwa. Nilianza kwa kueleza waya na rangi, akanikatiza.

"Ni wewe ulozifunga?"

"Ni mimi, Mama."

Alinyamaza, akavuta kanga begani. "Haya, umekosa na umesema. Zifunge sawa." Nikafika mlangoni akaniita tena. "Na tokeni zangu je?"

Nimemnunulia uniti 50. Thamostati nimeilipia mimi, na kazi haina bei.

Jumapili

Siku ndefu. Koili mpya, mpira wa sahani mpya, kijiti kipya cha magnesi, valvu mpya ya usalama na bomba lake la kutolea maji limeelekezwa nje, si juu ya vichwa vya watu. Thamostati ile ya zamani nimeirudisha, mpya nimeibakiza stoo. Waya za dari zimefungwa upya mchana kweupe, zikapimwa na testa kabla na baada, na mjukuu akaangalia. Kijana wangu amecheka. Acheke.

Athi ilikuwa na kisa chake. Chuma kilipigwa miaka hiyo kwenye mchanga mkavu chini ya upenu, kibano chake kimekuwa kijani chote, ukikigusa kinamomonyoka. Tumepiga chuma cha pili upande wa nyuma ambako maji ya kufulia humwagwa na ardhi haikauki, tukaviunganisha. Nimeazima mita ya athi: kutoka 38 imeshuka mpaka 11. Ningependa chini ya hapo, lakini mchanga wa pwani haukupi kila unachotaka.

Kwa sababu hiyo, kubwa zaidi ni breka niliyoitia sandukuni, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayolinganisha stima inayoingia na inayorudi. Zikipishana kwa miliampea 30 inakata nyumba nzima. Kabla sijaitupa koili mbovu niliifunga kwa muda ndani ya ndoo ya maji ili niione breka ikifanya kazi, wote wakiwa nje. Nilipoinua swichi hata sikumaliza kuinua. Kama ingekuwepo tangu mwanzo, bi mkubwa angeniita kwa simu nyingine: "Fundi, stima inakatika kila mara." Na ningeikuta siku hiyo hiyo.

Jumatano

Karatasi ya msichana: saa tatu usiku 60, saa sita 58, saa kumi na moja 59. Kitaa kinawaka au kinazima, hakuna katikati. Mita imeenda uniti 5 kwa siku. Friji ameigusa kwa miguu mitupu, akanitazama, akaigusa tena.

Mkandaji ameyapima maji kwa kiwiko na kusema yamekuwa baridi. Nimeiongeza kidogo, 63. Zaidi ya hapo simsikilizi, maji ya nyuzi 60 tu yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na bafuni humo kuna mtoto mchanga. Watachanganya na ya baridi kwenye ndoo.

Boila zangu za mwaka ule wa mapaa zilikuwa tatu. Ya pili, kule Maweni, nimeifungua jana: iko sawa. Ya tatu mwenyewe amesafiri Mombasa na funguo anazo yeye. Nimempigia nikamwambia asiiwashe. Anarudi Alhamisi.